Muda wa Nani? Hatari!, Momella na Suala la Filamu ya Mwendo wa Taratibu

Katika semina yetu ya fasihi na filamu muhula uliopita kulizuka ubishi ambao haukumalizika darasani, ukahamia kantini, na mpaka sasa haujaisha. Wenzangu wengi walishikilia kwamba filamu ya kisanii, ile inayokwenda taratibu bila visa vingi, ndiyo inayoyaheshimu maisha ya watu wa kawaida. Filamu ya biashara, walisema, ina haraka, na mwenye haraka hamwoni mtu. Mfano uliotolewa ni Yaaba (1989) ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, ambamo kamera haina pupa kabisa ya kuwafikia watoto walio mbali uwandani. Mfano mzuri, sina ugomvi nao. Lakini nilipouliza kama ipo filamu ya namna hiyo juu ya Arusha, mji ambao wageni wa ng'ambo wanaujua kuliko Watanzania wengi, pakawa kimya. Kisha mmoja nyuma akasema, "Si ipo Hatari!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwenzetu yule alikuwa anatania, lakini mimi nimerudi nyumbani na utani wake na nimeutazama kwa dakika 157, ambao ndio urefu wa filamu hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba aliyetania alisema kweli. Hatari! ni filamu ya taratibu. Tena ni filamu ya maisha ya kila siku. Na hapo ndipo nadharia ya wenzangu inapopata taabu, kwa sababu kama mwendo wa taratibu peke yake ungekuwa heshima, basi watu wa Meru wangekuwa wameheshimiwa tangu 1962.

Kwanza historia yenyewe. Howard Hawks, mwongozaji wa Kimarekani aliyekuwa na jina kubwa Hollywood, alileta kikosi chake Tanganyika mwishoni mwa 1960, na kazi ya kupiga picha ikaendelea hadi 1961. Kambi kuu ilikuwa Momella, mashariki ya Mlima Meru, karibu na yale maziwa ya magadi yenye heroe. Waigizaji walikuwa mchanganyiko wa mataifa: John Wayne wa Marekani, Hardy Krüger wa Ujerumani, Elsa Martinelli wa Italia, Gérard Blain wa Ufaransa na wengineo. Wanaigiza kundi la watu wanaokamata wanyama pori wazima ili wauzwe kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Kisa chenyewe ndicho hicho. Msimu unaanza, orodha ya wanyama wanaotakiwa ipo, wanakamatwa mmoja mmoja, msimu unakwisha. Katikati yake kuna mapenzi kidogo na utani mwingi.

Inafahamika kwamba Hawks hakuja na muswada uliokamilika. Asingeweza, maana nani ataandika mezani kifaru atafanya nini? Waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza wanyama wa kweli, na kilichotokea ndicho kilichopigwa. Matokeo yake ni filamu isiyo na muwala wa kawaida. Ukiitafutia mgogoro, kilele na ufumbuzi kama tulivyofundishwa, utachoka bure. Inakwenda kama shajara: leo twiga, kesho mvua, keshokutwa mtu kaumia mguu. Wakosoaji vijana wa Ufaransa waliolizunguka jarida la Cahiers du Cinéma walikuwa wamemtukuza Hawks tangu miaka ya 1950 kwa sababu ya jambo kama hili, kwamba anaweza kuwaweka watu chumbani wakifanya shughuli zao na wewe ukaridhika kuwatazama. Katika Hatari! kuna jioni nyingi za namna hiyo. Watu wanatoka porini na vumbi, wanaoga, wanakunywa, Martinelli anapiga piano na Red Buttons anapuliza kinanda cha mdomo. Hakuna kinachotokea. Kamera imetulia, haina pa kwenda.

Nakiri kwamba sehemu hizo nilizipenda. Sioni sababu ya kujifanya sikuzipenda ili nionekane mwanamapinduzi. Ila niliitazama filamu hii pamoja na babu yangu wakati wa likizo, kwenye kompyuta ndogo tuliyoiegemeza kwenye debe la mahindi, na katikati ya jioni mojawapo ya zile, watu wakiwa wameoga na wamebadili nguo, babu aliuliza, "Hawa wanaoga na kunywa tu tangu jana. Maji kawachotea nani?"

Swali la babu ndilo swali la makala hii. Msomaji asiyepajua kule aelewe kwamba maji si jambo dogo upande ule wa mlima. Kusini, kuanzia Tengeru mpaka Usa River na kupanda Akheri na Nkoaranga, kuna mifereji, migomba na kahawa. Ukizunguka mashariki na kaskazini mvua inapungua, na maji yaliyopo yana madini ya floridi mengi kiasi kwamba watu wanaokulia huko wanajulikana kwa meno ya rangi ya kahawia. Mto wa huko unaitwa Ngarenanyuki, neno la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Kwa hiyo nyumba ambamo wageni wanaoga kila jioni mbele ya kamera ni nyumba ambayo mtu alibeba maji kuipelekea, au alichimba mfereji, au alilinda tangi. Filamu yenye muda wote ule haikupata hata nusu dakika ya kumfuata mtu huyo akirudi kwake. Waafrika wamo, tena wengi. Wamo nyuma ya magari, wanashika kamba, wanabeba mageti ya vizimba, wanaleta vinywaji. Hakuna hata mmoja ambaye hadithi inamfuata hadi nyumbani kwake.

Kuna sehemu moja tu ambapo wenyeji wanapewa jambo la kufanya kama jamii, nayo ni pale mhusika wa Martinelli, baada ya kulea ndama wa tembo, anapopewa na watu wa kabila linalotajwa kuwa Warusha jina la Mama Tembo, akapakwa rangi na kuchezewa ngoma. Yaani muda uliotengwa kwa ajili yetu ni muda wa kumpa mgeni jina. Watalii wa leo wanalipia sherehe za aina hiyo katika maboma ya maonyesho njia ya kwenda mbugani, na wala sitaki kumlaumu anayeziuza, njaa haina adabu. Ninachosema ni kwamba umbo lake lilikwisha kuwepo katika filamu hii kabla biashara yenyewe haijakua.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa maana hapa ndipo pana uzito. Momella na Ngarenanyuki ni majirani. Si majirani wa ramani, ni majirani wa kwenda kwa miguu. Na mwezi Novemba 1951, miaka tisa tu kabla kamera za Hawks hazijafika, serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa na kubomolewa, ili eneo lile lifanywe mashamba 13 ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Mpango ulitokana na tume ya Jaji Mark Wilson ya 1947, ambayo ilishauri ardhi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili mashamba ya walowezi yawe eneo moja lisiloingiliwa. Wenyeji walielekezwa King'ori, mahali ambapo wengi wao hawakupataka, wakakataa na kwenda kujibanza kwa ndugu zao upande wa kusini. Babu yangu alikuwa na umri wa miaka minane. Anachokumbuka zaidi ni mbuzi kukataa kwenda.

Wameru hawakunyamaza. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kueleza kilichofanyika, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko huko kwa niaba ya TANU. Suala lilifika mpaka Baraza Kuu, ambako azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura. Japhet na Seaton waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967, na nashangaa kwamba katika kozi zetu zote za fasihi ya ukombozi sijawahi kukiona kwenye orodha. Labda ni kwa sababu hakina mashairi.

Fikiria, ndugu msomaji, ni kisa gani cha kamera ya taratibu kingepatikana hapo. Mtu kutoka migombani amekaa ukumbini New York anasubiri zamu yake ya kusema. Anasubiri tafsiri. Anasubiri kura. Na huku nyumbani watu wanachanga senti kwa senti na wanasubiri barua. Historia ya shauri la Meru kwa kiasi kikubwa ni historia ya kusubiri, na kusubiri ndiyo malighafi ya filamu ya kisanii, kama wenzangu wanavyodai. Lakini kamera ilipofika Meru ilikuta wageni wanasubiri kifaru, ikawapiga wao.

Tarehe zenyewe zinaumiza ukizipanga. Wakati Wayne anarusha kitanzi, Tanganyika imetoka kwenye uchaguzi wa 1960 uliomfanya Nyerere kuwa Waziri Kiongozi. Mei 1961 nchi inapata madaraka ya ndani. Septemba 1961, mjini Arusha hapo hapo, unafanyika mkutano wa kimataifa juu ya hifadhi ya wanyama pori, ambako lilisomwa tamko la Nyerere la kuahidi kuwalinda wanyama hao, lile linalojulikana kama Tamko la Arusha la 1961, si Azimio la 1967. Desemba 9 ni uhuru. Filamu inatoka katikati ya 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu. Katika dakika 157 hakuna bendera, hakuna mkutano wa hadhara, hakuna mtu anayeuliza ardhi hii itakuwa ya nani mwakani. Nchi inazaliwa nje ya fremu. Mji wa Arusha wenyewe unatokea kama hospitali, duka na hoteli, na mwishoni kama uwanja wa mchezo ambapo ndama watatu wa tembo wanamfukuza mwanamke mitaani huku muziki wa Henry Mancini unachekesha. Ni picha za mitaa yetu miaka ile, na kwa hilo zina thamani ya kumbukumbu, siwezi kukataa. Nilisimamisha mara kadhaa nitazame majengo na watu wanaopita. Wanapita tu.

Baada ya filamu, Hardy Krüger alinunua shamba pale Momella na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2022. Mahali hapo pana loji ya watalii inayoitwa Hatari. Yaani Mswahili akiona kibao kimeandikwa "Hatari" hukimbia, mtalii hulipia kitanda. Na eneo lililo jirani, lililokuwa hifadhi ndogo ya Ngurdoto tangu 1960, lilipanuliwa likaumeza mlima na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha mwaka 1967. Siingii katika suala la hifadhi na wanakijiji, ni makala nyingine. Nataka tu msomaji aone kwamba mtazamo wa Hatari! haukubaki kwenye gurudumu la filamu. Uligeuka mandhari, ukapata lango la kuingilia.

Atakayenipinga atasema ninamhukumu Hawks kwa kosa la kutofanya kazi ambayo hakuahidi kuifanya. Ni kweli hakuahidi. Lakini wanaodai kwamba fani ya taratibu ina utu ndani yake ndio walioahidi, na ninawajibu wao. Tofauti haiko katika mwendo, iko katika swali la muda unaotumiwa ni wa nani. Na ili nisionekane nabomoa tu, nitatoa mfano wa Kitanzania ambamo muda umewekwa panapostahili, ingawa mfano wenyewe unatutoa Meru na kutupeleka pwani.

Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya hali halisi ya dakika 45 juu ya wanawake wanaoponda mawe kuwa kokoto katika machimbo ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Wanawake hao ni Wamakonde, wakimbizi wa vita vya Msumbiji. Kunduchi, kwa asiyejua, ndiko pia kwenye mahoteli ya ufukweni yanayojengewa watalii. Filamu haina msimulizi. Hakuna sauti ya bwana mkubwa inayokuambia ujisikieje. Kuna nyundo na jiwe, na jiwe, na jiwe, na watoto walioko hapo hapo mama zao walipo, na nyimbo. Mara ya kwanza nilipoitazama nilichoka baada ya dakika kumi, nikaona aibu kwa kuchoka, kisha nikaelewa kwamba uchovu wangu ulikuwa umepangwa. Mtengenezaji amekataa kufupisha kazi. Katika filamu nyingi kazi huonyeshwa mara tatu ukaambiwa "na hivyo ndivyo siku ilivyokwenda." Hapa unakaa na siku.

Linganisha na kazi katika Hatari! Huko nako kuna kazi, tena ya kweli na ya kuhatarisha maisha, na Hawks anaitazama kwa upendo. Lakini kila kazi inaishia kwenye kizimba kilichojaa na mkono wa pongezi, halafu kinywaji. Kokoto za Kunduchi haziishii popote. Fungu likijaa linachukuliwa, linaanzwa jingine. Na jambo ambalo naliona kubwa zaidi: These Hands inawaacha wale wanawake wawe na jioni yao wenyewe, ya kuimba na kucheza, bila kuigeuza kuwa sherehe ya kumpokea mtu mwenye kamera. Hakuna anayepewa jina la Mama Kokoto.

Wapo watakaosema nitaje pia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999 ambayo wengi wetu tuliipitia kabla ya chuo. Naitaja. Ni filamu ya taratibu, ya mji wa watalii hasa, Mji Mkongwe wa Unguja, na mwongozaji ameufuta utalii wote kwa kurudi miaka ya 1950, akaacha vichochoro vimilikiwe na Yasmini na Denge na siasa zao. Hilo ni tendo la kishujaa. Lakashani mara nyingine picha zake ni nzuri mno, taa ya kandili imekaa mahali pake mno, mpaka nikaogopa kwamba mtalii niliyemtoa mlangoni ameingia dirishani. Mwenzangu mmoja kutoka Unguja ameniambia wivu unanisumbua, kwamba watu wa bara hatuna mji mzuri. Huenda.

Kuhusu Arusha yenyewe, filamu ya namna ninayoitaka sijaiona. Najua ingekuwa na nini. Ingekuwa na soko la Tengeru Jumamosi, si kwa dakika moja ya rangi rangi bali tangu alfajiri magari yanaposhusha ndizi mpaka jioni mama anapohesabu kilichobaki na kuamua kama apande gari au atembee. Ingekuwa na mpagazi wa mlimani siku ambayo hakuitwa, amekaa langoni. Ingekuwa na meno ya kahawia yakicheka karibu na kamera bila mtu kuyaomba radhi. Na mlima ungekuwepo, lakini ungekuwepo kama unavyokuwepo kwa wenyeji, yaani kwa kuangaliwa asubuhi kujua kama mvua itanyesha.

Maana mlima ndio uliomfanya babu aitazame Hatari! mpaka mwisho. John Wayne hakumshughulikia hata kidogo. Ukiwa mjini Arusha, Meru ni pembe tatu iliyofungwa. Ukiwa Momella, unauona ubavu wa mashariki uliobomoka, na ndani yake kilima cha majivu. Kila ulipotokea nyuma ya magari babu alikuwa anasema picha imepigwa kutoka wapi, na shamba hilo lilikuwa la nani kabla ya 1951, kwa majina ya koo, na wakati mwingine akibishana na nafsi yake.

Kuelekea mwisho, katika mkimbizano mmoja, magari yanasimama na wanaume kadhaa wanaruka kutoka nyuma na kamba. Sekunde mbili, pengine tatu. Babu akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena, usimamishe." Nikasimamisha. Uso wa yule kijana ulikuwa umefifia kwa sababu alikuwa anakimbia, ukungu mtupu wenye kofia. Babu akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akatazama mikono badala ya uso.

"Huyu kafundishwa kufunga fundo na mtu wa kwetu," akasema. "Hebu iache hapo kidogo."